Msanifu Majengo na Mchora Ramani

Embu mjini, mtu akitaka kujenga huambiwa kwanza atafute "mtu wa ramani". Meru ni hivyo hivyo. Ramani ikipatikana hupelekwa kaunti kuidhinishwa, kisha fundi huitwa aje kupiga vigingi na kuvuta kamba. Aliyeichora ameshalipwa na ameshasahaulika. Nyumba ni ya fundi. Yule mwingine alikuwa mtu wa karatasi tu.

Katika vitabu vyetu jina lake ni msanifu majengo. Tanzania, bodi inayosajili watu wa taaluma hiyo huwaita wabunifu majengo. Majina haya mawili yanavuta pande tofauti. Kubuni ni kutoa kichwani kitu ambacho hakikuwapo, na neno hilo limebeba sifa pamoja na shaka, maana hata uongo hubuniwa. Kusanifu kumetoka katika kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kupanga vitu kwa aina zake, na pia kutunga kitabu. Anayesanifu huchukua vilivyopo akavipa mpango.

Wengi hudhani sanifu na sanaa ni neno moja lililozaa mawili. Mizizi yake ni tofauti. Sanaa imetokana na mzizi wenye maana ya kutengeneza, na katika Kiarabu jamii hiyo ya maneno humhusu hata mhunzi. Ukuta tuliouweka kati ya msanii na fundi haumo katika neno lenyewe. Haumo pia katika neno la Kigiriki ambalo lugha za Ulaya zilirithi: lipasue vipande viwili, upate "mkuu" na "seremala". Yaani fundi mkuu. Ningelipenda sana jina hilo kama lisingekuwa na mwenyewe. Kwenye mjengo, fundi mkuu ni yule anayeshika timazi na pima maji, anayejua mchanga huu una udongo mwingi na saruji ile imelala muda mrefu. Asinyang'anywe cheo chake.

Basi nabaki na msanifu, ingawa jina hilo lina mtego. Tangu kamati ya lugha ya Afrika Mashariki ilipoundwa mwaka 1930, tumezoea Kiswahili sanifu kuwa Kiswahili cha namna moja kwa wote. Sikio linaweza kudhani msanifu naye ni mtu wa nyumba za namna moja. Na kwa bahati mbaya, ndivyo tunavyojenga. Shika barabara kutoka Embu, upite Runyenjes, Chuka, Chogoria na Nkubu hadi Meru, utazame nyumba mpya: paa limefichwa nyuma ya kuta, kingo hazitokezi nje hata shubiri. Ramani hiyo hiyo utaikuta Siakago, kwenye ukavu wa Mbeere.

Hapo ndipo roho huniuma. Miteremko ya mashariki na kusini-mashariki ya Mlima Kenya hupokea pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi, na mvua ya Aprili ikishuka haibembelezi. Paa lililofichwa hulazimisha maji yote yapite kwenye mifereji iliyo ndani ya kuta. Jani moja la mgrevilea likiziba tundu, maji yanarudi kwenye dari. Mbeere nako kila tone lingefaa kuelekezwa kwenye tangi, na kingo pana zingezipa kuta kivuli. Tena sisi tuko karibu kabisa na ikweta: jua la asubuhi na la jioni hupiga kuta za mashariki na magharibi kwa ukali kuliko zile za kaskazini na kusini. Dirisha kubwa la sebule likielekezwa magharibi kwa kuwa ndiko barabara ilipo, chumba hicho huwa tanuri saa kumi.

Haya yote ni ya sanaa au ya ufundi? Sioni pa kukata. Upana wa ukingo wa paa ndio unaoipa nyumba sura, na ndio huo unaoikinga mvua.

Ninachokikataa zaidi katika jina "mchora ramani" ni kwamba ramani ni nyumba iliyotazamwa kutoka juu, kama ndege aonavyo. Kutoka juu, ardhi yote huonekana bapa. Lakini Meru na sehemu ya juu ya Embu ni nchi ya migongo na mabonde. Kiwanja cha futi 50 kwa 100 kinaweza kuwa na upande mmoja ulioshuka kimo cha mtu. Jambo hilo huonekana katika mchoro mwingine, ule wa mkato, unaoipasua nyumba kutoka paa hadi msingi kama mtu apasuavyo papai. Mkato ndio unaosema kama tutachimba mlima, tutajaza kifusi nyuma ya ukuta mrefu wa mawe, au tutaacha sakafu ishuke kwa ngazi tatu kuelekea jikoni.

Kifusi na ukuta ule humeza pesa za vyumba viwili. Ngazi tatu ni mawe machache. Fundi anaweza kuzijenga kwa siku moja, vizuri kuliko yeyote, mradi kuna aliyesimama pale kabla yake, akautazama mteremko na kuziweka kwenye mchoro.