Malaria ya Babu Zetu
Nafanya kazi ya maabara Mbezi Luis, jirani na stendi ya Magufuli. Wengi wanaokuja ni wasafiri wenye homa. Natoboa kidole, napaka tone la damu kwenye kioo, natia rangi, naweka chini ya hadubini. Chembe nyekundu iliyo nzima ni ya duara, imebonyea katikati. Za mgonjwa wa selimundu, baadhi hupinda kama mundu na kuziba mishipa midogo. Ndipo mtoto hulia viungo usiku kucha.

Kwa nini ugonjwa huu umetuandama sisi watu wa Pwani? Jibu lilichapishwa 1954. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa Afrika Mashariki. Wenye kinasaba cha selimundu walikuwa wengi palipo na malaria, Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na wachache nyanda za juu zenye baridi. Anayerithi kimoja hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Anayerithi viwili, cha baba na cha mama, huugua.

Mzazi akiniuliza nani kamroga mwanawe, namweleza habari hii, kisha namwambia aje na mwenzake wapime wote wawili.