Mbwa hufunzwa kwa tuzo, si kwa fimbo

KATIKA vijiji vinavyopakana na mbuga ya Tsavo Mashariki, kama vile vya Sagalla karibu na mji wa Voi, mbwa ndiye mlinzi wa boma, mbuzi na kuku. Lakini mbwa asiyefunzwa aweza kumletea mwenyewe maafa. Akimbwekea ndovu na ndovu akamgeukia, mbwa hukimbilia kwa bwana wake, naye ndovu humfuata hadi hapo.

Ndiyo maana amri ya "njoo" yafaa kuwa somo la kwanza kwa mbwa wa Taita Taveta. Somo hilo halifundishiki kwa kiboko. Mbwa aliyetoroka, akarudi na kuchapwa, hajui kwamba anaadhibiwa kwa kutoroka. Anachojifunza ni kwamba kurudi kwa bwana wake kuna uchungu. Siku nyingine akiitwa, atasimama mbali.

Kanuni yenyewe

Mnyama hurudia tendo lililompa faida. Mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Thorndike, alieleza jambo hilo mwaka wa 1898 baada ya kuwafanyia wanyama majaribio, na B.F. Skinner akaliendeleza katika miaka ya 1930.

Mbwa wanaonusa pembe za ndovu na za kifaru katika bandari ya Mombasa na uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta hufunzwa vivyo hivyo. Chini ya mpango ulioanzishwa mwaka wa 2014 na shirika la African Wildlife Foundation, mbwa na maafisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) walipata mafunzo karibu na Arusha, Tanzania. Mbwa akigundua harufu aliyofunzwa, hupewa mpira acheze. Kwake kazi hiyo ni mchezo.

Jinsi ya kuanza

Samaki mkunje angali mbichi, ingawa hata mbwa mzee hufundishika. Familia ichague neno moja kwa kila amri. Baba akisema "keti" na mtoto "kaa", mbwa atachanganyikiwa.

Mwite akiwa hatua chache tu, mahali pasipo na kelele. Akifika, msifu na umpe papo hapo kitonge cha ugali au kipande cha utumbo uliopikwa. Tuzo ikichelewa, mbwa hatambui imetolewa kwa lipi. Dakika tano, mara mbili au tatu kwa siku, zatosha. Akishazoea, ongeza umbali na upunguze chakula polepole, bali sifa zisikome.

Matatizo ya kawaida

Kuwarukia wageni: mgeni ampe mgongo wala asimsemeshe. Asifiwe miguu yote minne ikiwa chini.

Kufukuza kuku na mbuzi: mfunge kamba, umpitishe mbali nao. Kila anapowaacha na kukutazama, mtuze.

Kubweka usiku: msimkomeshe kabisa, kwani hiyo ndiyo kazi yake. Mfundisheni kunyamaza kwa neno "basi", na atuzwe anyamazapo.

Kunguruma: hilo ni onyo. Anayepigwa kwa kunguruma aweza kujifunza kuuma bila kuonya. Muondoleeni kinachomtisha, na watoto wasimsumbue anapokula.

Mbwa mpole akibadilika ghafla, aitwe daktari wa mifugo, kwa kuwa huenda ana maumivu au kichaa. Mwaka wa 2014, Kenya ilizindua mkakati wa kutokomeza vifo vya binadamu vitokanavyo na kichaa cha mbwa ifikapo 2030, na chanjo ya mbwa ndiyo nguzo yake. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitalini siku hiyo hiyo.

Kumtesa mnyama ni kosa chini ya Sura ya 360 ya Sheria za Kenya. Isitoshe, mbwa anayemwogopa bwana wake hawezi kutegemewa kurudi anapoitwa, na karibu na Tsavo kurudi huko kwaweza kuokoa maisha ya wote wawili.