Modemu inakataa kuunga intaneti nyumbani: angalia haya kabla ya kwenda kwa fundi

Mu nyumba nyingi za Bukavu, Uvira, Butembo ao Bunia, intaneti ya kompyuta inapitia mu modemu ndogo ya USB, ile tunachomeka kandokando ya mashini na ndani yake kuko karte SIM. Siku inakataa kuunga, wengi wanakimbilia fundi, ao wanaanza kujaribu code ovyoovyo. Pale ndipo hasara inaanzia. Karte SIM inaweza kufungwa, na kama ni namba hiyo unawekea feza za M-Pesa ao Airtel Money, hata feza haufikie tena mpaka wakupatie karte ingine.

Fuata hatua hizi moja baada ya ingine.

Taa

Chomeka modemu, ngoja dakika moja. Kama hakuna taa hata moja, modemu haipati umeme. Badilisha tundu la USB. Kwa mashini kubwa ya mezani, tumia tundu za nyuma, juu zile za mbele mara nyingi haziko na nguvu ya kutosha. Toa pia kamba ya kurefushia. Ikikataa, jaribu kwa mashini ya jirani. Kama kule pia haiwake, modemu imekufa.

Kwa modemu nyingi za Huawei, taa ya kijani inayowakawaka ni rezo ya 2G, na ya bluu ni 3G. Taa ikitulia bila kuzimika, imeisha kuunga.

Mashini inaiona?

Taa inawaka lakini programu haifunguke? Kwa Windows ya Kifaransa, fungua "Gestionnaire de périphériques". Kama kuko alama ya njano kando ya jina la modemu, programu yake imeharibika. Itoe, zima mashini, washa tena, kisha chomeka modemu. Modemu nyingi zinabeba programu yao ndani: inaonekana sawa CD mu mashini. Fungua hiyo "CD" na uweke programu upya.

Karte SIM

Toa karte, ipanguse na kitambaa kikavu, kisha iweke mu telefone. Hii ndiyo hatua inaokoa wakati mwingi. Kama intaneti inatembea mu telefone, karte ni nzima, shida iko kwa modemu ao mashini. Kama haitembee, usiguse modemu tena: angalia kama mega zimeisha, kama muda wake umepita, ao kama ulinunua mega za WhatsApp peke yake, zile hazifungue kitu kingine. Namba ambayo haikuandikishwa na kitambulisho inaweza pia kuwa imekatwa.

Wakiomba PIN na umeisahau, usibahatishe. Ukikosea mara 3, karte inaomba PUK. Ukikosea PUK mara 10, karte imekufa kabisa. PUK mara nyingi imeandikwa kwa kile kikarte kikubwa ulipewa wakati wa kununua. Kama kilipotea, enda na kitambulisho kwa duka la kampuni yako.

Rezo

Manjanja na kuta nene zinazuia rezo. Sogea karibu na dirisha. Wanaokaa karibu na mpaka, sawa vile Goma, Bukavu na Uvira, wawe macho: modemu inaweza kushika rezo ya ngambo, ikakataa kuunga ao ikakula unités haraka. Mu programu ya modemu, chagua rezo wewe mwenyewe, usiiachie ichague.

APN

Rezo iko, mega ziko, lakini bado inakataa? Fungua profili mu programu ya modemu. Namba ya kuita ni *99#. Jina la APN linatoka kwa kampuni yako. Kila kampuni iko na lake, kwa hiyo ukibadilisha karte, badilisha APN pia. Herufi moja ikikosekana, haiunge.

Inaunga, lakini kurasa hazifunguke

Angalia tarehe ya mashini. Betri ndogo ya ndani ikikufa, kila mara umeme unapokatika mashini inarudi miaka ya nyuma, na kurasa zinakataa kufunguka. Rekebisha tarehe na saa, jaribu tena.

Ukifika kwa fundi

Mwambie ulijaribu nini na taa inaonyesha nini, asikulipishe kazi ya bure. Na kama modemu ilifungwa kwa kampuni moja, usimuache ajaribu code za kuifungua bila kuhesabu: Huawei nyingi zinakubali makosa 10 tu, kisha zinajifunga. Modemu ya namna hiyo ni vigumu sana kuirudisha.