Maji ya haidrojeni na ubongo: tulifikaje hapa?

Umeshaona matangazo ya maji ya haidrojeni yanayodaiwa kulinda ubongo? Kabla hujatoa hela, hebu turudi Japani, mwaka 2007.

Mwaka huo Shigeo Ohta na wenzake walizuia damu isifike sehemu ya ubongo wa panya, kama inavyotokea kwenye kiharusi, kisha wakaiachia. Damu ikirudi ghafla, huzalisha radikali za haidroksili, kemikali kali zinazoharibu seli. Panya waliovuta hewa yenye haidrojeni kidogo tu waliumia ubongo kidogo kuliko wenzao. Kumbe gesi hii hupunguza makali ya kemikali hizo!

Sasa, vipi kwa binadamu? Mwaka 2013, madaktari wa Japani walitoa matokeo ya jaribio kwa wagonjwa wa Parkinson. Wengine walikunywa lita 1 ya maji yenye haidrojeni kila siku kwa wiki 48, wengine maji yasiyo nayo, wote wakiendelea na dawa zao. Wa haidrojeni walipata nafuu. Wenzao wakazidi kudhoofika. Shida ni moja: wote kwa pamoja hawakufika hata 20.

Basi wakarudia na watu 178, kwa wiki 72. Jibu likatoka 2018: hakuna tofauti ya maana.

Kwa hiyo ukiambiwa "imethibitishwa", uliza: kwa panya au kwa watu? Wangapi? Iliporudiwa, ikawaje? Na dawa za daktari usiziache.