Bendera ya Taifa: rangi zake, historia yake na namna ya kuipandisha

Msikilizaji, Bendera ya Taifa tunaiona ofisi ya kijiji, shuleni na kituo cha polisi. Tumeizoea, lakini ukimuuliza mtu kama bluu inakaa juu au chini, wengi husita. Tumeandaa maelezo haya ili uwe nayo kwenye simu yako utakapoyahitaji.

Ilikotoka

Tuanzie Mchafukoge, katikati ya Dar es Salaam. Ukitoka hapo ukavuka viwanja vya Mnazi Mmoja, unafika Mtaa wa Lumumba, Kariakoo. Huko ndiko TANU ilikozaliwa tarehe 7 Julai 1954. Bendera ya chama hicho ilikuwa ya kijani na nyeusi. Tanganyika ilipopata uhuru ilichukua rangi hizo, ikaongeza mistari miwili myembamba ya dhahabu.

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, bendera ya Uingereza ilishushwa katika uwanja ambao leo tunauita Uwanja wa Uhuru, na ya Tanganyika ikapandishwa. Luteni Alexander Nyirenda naye aliisimika kileleni mwa Mlima Kilimanjaro pamoja na Mwenge wa Uhuru.

Zanzibar, baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, ilikuwa na bendera ya mistari mitatu ya kulala: bluu juu, nyeusi katikati, kijani chini.

Nchi hizi mbili ziliungana tarehe 26 Aprili 1964, na bendera ya Muungano ikaanza kutumika tarehe 30 Juni mwaka huohuo. Kijani na nyeusi zilikuwa tayari kwenye bendera zote mbili. Tanganyika ikaleta dhahabu, Zanzibar ikaleta bluu. Mistari haikulala tena kama zamani, bali ilipita mshazari kutoka kona hadi kona. Ukiitazama unawaona wote wawili, na hakuna aliyemezwa na mwenzake.

Tangu Januari 2005, Zanzibar ina tena bendera yake ya rangi tatu, ikiwa na Bendera ya Taifa ndogo kwenye kona ya juu, upande wa mlingoti.

Maana ya rangi

Kijani: ardhi, mimea na kilimo.
Dhahabu: madini.
Nyeusi: wananchi.
Bluu: bahari, maziwa na mito.

Juu ni wapi?

Hapa ndipo wengi hukosea. Mtu huangalia mstari mweusi, akiona unapanda kutoka chini ya mlingoti kwenda juu, anaridhika. Mstari huo haukusaidii. Ukiigeuza bendera kichwa chini miguu juu, bado utapanda vilevile. Kinachobadilika ni rangi za kona.

Kanuni ni moja: kijani inakaa juu, upande wa mlingoti. Bluu inakaa chini, upande unaopepea. Hata ukisimama nyuma ya bendera, kanuni haibadiliki.

Kwa anayenunua au kumpa fundi ashone, kipimo ni mbili kwa tatu: kimo kikiwa futi 2, urefu uwe futi 3. Mistari ya dhahabu iwe miwili, kila upande wa mweusi mmoja. Kumbuka pia kwamba hiki si kitambaa cha kujifanyia utakavyo. Matumizi yake yanasimamiwa na Sheria ya Bendera ya Taifa na Nembo ya Taifa ya mwaka 1971.

Nusu mlingoti

Wakati wa maombolezo ya kitaifa bendera hupepea nusu mlingoti. Ndivyo ilivyokuwa kwa siku saba baada ya Rais mstaafu Ali Hassan Mwinyi kufariki dunia tarehe 29 Februari 2024. Utaratibu ni kuipandisha kwanza hadi juu kabisa, kisha kuishusha taratibu hadi katikati. Jioni, kabla ya kuitoa, hupandishwa tena hadi juu ndipo ishushwe.

Kama wewe ni mwalimu wa zamu, mtendaji wa kijiji au mwanafunzi uliyepewa kamba, kesho asubuhi tazama kwanza kona ya juu iliyo karibu na mlingoti. Ukiona kijani, vuta.