Watu Wanne wa Kapernaumu na Safari ya Ocean Road

Mwaka 1897 Wajerumani walifungua hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam. Waliijenga kwa ajili ya Wazungu. Mwafrika alitibiwa kwingine, katika hospitali iliyotokana na fedha za mfanyabiashara Mhindi, Sewa Haji. Mwaka 1996 Ocean Road ikawa taasisi ya saratani ya taifa, mlango wazi kwa kila Mtanzania.

Lakini mlango ulio wazi waweza kuwa mbali. Kwa miaka mingi tiba ya mionzi ilipatikana hapo tu. Nayo haimalizwi kwa siku moja: mgonjwa hupewa dozi ndogo ndogo, siku tano kwa juma, kwa majuma kadhaa. Mama wa Bukoba mwenye saratani ya mlango wa kizazi alihitaji nauli ya zaidi ya kilomita 1,000, kisha chakula na mahali pa kulala. Wengi walifika wamechelewa. Baadaye hospitali ya Bugando, Mwanza, ya ndugu zetu Wakatoliki, ilianza kutoa mionzi, na safari ya watu wa Kanda ya Ziwa ikafupika.

Wapendwa, mwenye kupooza wa Kapernaumu hakukosa Mponyaji. Alikosa njia ya kumfikia. Watu wanne wakambeba, wakatoboa dari. Usharika wetu hauwezi kununua mashine ya mionzi. Nauli, malazi, na kumhimiza mama apimwe mapema, tunaweza. Tukimwombea mgonjwa, tushike na pembe ya godoro lake.