Kikurdi na Hoja ya Lahaja

Kikurdi kikitajwa penye mjadala wa haki za lugha, hoja hii haikawii kuletwa: hakuna lugha moja ya kuitwa hivyo. Kuna Kikurmanji cha Uturuki, Syria na kaskazini ya mbali ya Iraki. Kuna Kisorani cha Sulaymaniyah na Erbil nchini Iraki, kinachovuka mpaka hadi magharibi mwa Iran. Kuna lahaja za kusini, na kuna Kizazaki na Kigorani ambavyo wanaisimu wangali wanabishania nasaba yake. Basi, huulizwa, shule zifundishe kipi? Nashikilia kwamba swali hilo limeanzia mwisho. Umoja wa maandishi huzaliwa shuleni na kwenye mitambo ya chapa. Lugha iliyofungiwa milango yote miwili haiwezi kudaiwa umoja huo kwanza ndipo ifunguliwe.

Tofauti zipo, na kuzificha ni kumdanganya msomaji. Mzazi asemaye Kikurmanji humwita mwanawe wa kiume kurê min na binti yake keça min. Kiunganishi hubadilika kufuata jinsia ya nomino, jambo ambalo sisi tuliolelewa na wa, ya na cha hatulioni geni. Kisorani kimeuacha upatanisho huo: kurrî min, kiçî min, kiunganishi ni kimoja. Kikurmanji kimehifadhi pia maumbo ya uhusika ambayo Kisorani sanifu hakinayo tena. Mtu wa Sulaymaniyah anayemsikia wa Diyarbakır, Uturuki, kwa mara ya kwanza huambulia sehemu tu ya maneno yake.

Lakini tutazame Duhok. Mji huu uko Iraki, jirani na Uturuki, na wenyeji wake husema Kibahdini, tawi la Kikurmanji. Mtoto wa Duhok akizungumza na mtoto Mkurdi wa Şırnak, ng'ambo ya mpaka, wataelewana. Wakiandikiana, mambo hubadilika: wa Duhok amefundishwa hati zenye asili ya Kiarabu, na wa Şırnak, akibahatika kujifunza kuandika lugha ya mama yake, hutumia za Kilatini. Huyo wa Duhok anachangia hati na mtoto wa Sulaymaniyah, ambaye sarufi yake iko mbali naye zaidi. Mstari unaowatenga wasomaji hawa, kwa hiyo, haukufuata sarufi. Ulifuata mipaka iliyochorwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza.

Kila dola ilitenda lake. Wakurdi wa Armenia ya Kisovieti waliandika kwa Kilatini, kisha wakahamishiwa Kisiriliki. Iraki ilikipa Kisorani nafasi shuleni mapema, na katiba ya mwaka 2005 ikakitambua Kikurdi kuwa lugha rasmi pamoja na Kiarabu. Uturuki ilikwenda kinyume kabisa. Sheria namba 2932 ya mwaka 1983 ilikataza kueneza mawazo kwa lugha yoyote isiyo lugha rasmi ya kwanza ya dola inayotambuliwa na Uturuki. Kikurdi hakikutajwa hata kwa jina, ila kwa kuwa hakikuwa lugha rasmi ya kwanza popote, kilinaswa chote. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1991, lakini herufi q, w na x, ambazo alfabeti ya Kituruki haina, zilibaki mashakani hadi mwaka 2013. Watu walifikishwa mahakamani kwa kuandika Newroz, jina la sikukuu yao ya mwaka mpya, kwa w badala ya v. Dola inayoshitaki herufi haiwezi kusema kwamba inangoja tu wenye lugha wapatane.

Kiswahili chenyewe hakikusanifishwa kwa wasemaji kupatana. Kimvita kilikuwa na hazina kubwa ya ushairi, lakini mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja, na kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikahakikisha vitabu vya shule vinafuata uamuzi huo. Nakiri kwamba Kimvita na Kiunguja vinakaribiana kuliko Kikurmanji na Kisorani. Ndiyo maana siwashauri Wakurdi wachague kimoja. Kinorwe kina maumbo mawili ya maandishi, yote mawili rasmi, na hakuna anayeitumia hali hiyo kukinyima shule.

Mwandishi Mkurdi Celadet Alî Bedirxan aliliona hili akiwa uhamishoni Damascus. Jarida lake, Hawar, lilitoka kwa mara ya kwanza tarehe 15 Mei 1932, na ndani yake alijenga alfabeti ya Kilatini ambayo Kikurmanji kinaitumia hadi leo. Hakuwaacha nyuma waliosoma kwa hati ya zamani: matoleo 23 ya mwanzo yalichapishwa kwa hati zote mbili, na kurasa zake zikapokea maandishi ya Kisorani pia. Hakuwa na wizara wala shule hata moja.